Lehemu ya Ijumaa

Nililinunua Osimo, sokoni, Jumapili ya mvua,
kwa yuro thelathini na tano na mwavuli wangu.
Muuzaji aliliita kuni. "Kuni zenye nyuzi," akasema,
na nyuzi zenyewe zilikuwa mbili.

Graziella aliliona kwapani mwangu, akauliza:
la ngapi hili?
Nikasema la tisa.
Lilikuwa la kumi na moja.

Sijui kupiga gitaa. Niseme mapema,
maana watu hushuka stoo kwangu wakitarajia muziki
wakamkuta mstaafu wa posta, miwani miwili puani,
akiisugua swichi kwa pamba na spiriti.

Mji wetu ni wa kodiani. Kila nyumba ina shangazi
aliyegundisha vitufe maisha yake yote,
au mjomba aliyesikiliza vilimi vya chuma
mpaka masikio yakamwomba ruhusa.
Kisha vijana wakataka magitaa,
na kiwanda, kisichojua gitaa ni mnyama gani,
kikalivisha nguo za kodiani:
plastiki ya vimetameta, nyekundu ya peremende,
vitufe sita vya kubonyeza,
sumaku nne pale ambapo mbili zingetosha.
Bei yake, bei ya baiskeli:
kiangazi kizima cha mvulana kuosha vyombo hotelini.

Kipya kinyemi, walisema, kingawa kidonda.
Kikuukuu hawakukitajia kitu.
Wametuachia wenyewe.

Wiki ya kwanza ni kutu tu.
Skrubu haitaki. Unaibembeleza kwa tone la mafuta,
unapanda juu, unakunywa kahawa, unarudi.
Haitaki.
Shingo imepinda
kama mtu anayechungulia uvungu wa kitanda.
Yale mataruma madogo ya shaba yameota ukijani,
na kati ya la tatu na la nne, mbao imebonyea:
hapo kidole cha mtu kilikaa miaka,
kwenye wimbo mmoja, labda, usiomkubali.
Ukijani nimeutoa kwa msasa laini.
Kibonyeo sikukigusa.
Si uchafu kile.

Nilipofungua bamba la mbele nikakuta vumbi,
tiketi ya sinema, buibui mkavu,
na penseli, mwandiko wa kike, wa haraka:
Iole, 17-7-64.

Kinyozi anamjua kila mtu. Iole? Juu ya duka la mikate,
ngazi ya pili, bonyeza kengele kwa nguvu.
Nikalibeba limefungwa shuka.

Hakuitazama rangi. Hakusema lo, ujana.
Aliligeuza kifudifudi mapajani, akanyoosha mkono
kama daktari anayedai mkasi.
Nikampa bisibisi.
Mkono wake ulitetemeka mpaka ulipoigusa skrubu;
hapo ukatulia.

"Lehemu yangu ilishika?"
"Nane zilishika, signora. Moja iliachia."
"Ipi?"
Nikamwonyesha waya wa sumaku ya mwisho.
Akatafuta tarehe, akaisoma kwa kidole, akacheka bila sauti.
"Kumi na saba, na Ijumaa. Ulitaka nini?
Siku hiyo huku hafungi mtu ndoa,
sisi tulifunga magitaa arobaini."

Nikamuuliza kama aliwahi kulisikia hata moja likipigwa.
Akafikiri.
"Kwenye harusi, mara moja, nikiwa nje.
Sikujua kama ni langu.
Nilisikiliza kama linakwaruza."

Kisha akainamia tena lile tumbo lililo wazi,
akaikazia macho lehemu ya tisa.
"Hii ni yako?"
"Ni yangu."
"Imevimba."
Sikuwa na la kujibu. "Umeogopa moto," akasema,
"ukamwaga risasi badala yake.
Pasha waya kwanza. Risasi itakuja yenyewe."
Akanirudishia bisibisi
na mkate wa shomari, nusu.

Usiku ule nikaiyeyusha.
Nikapiga nyingine: imevimba.
Nikaiyeyusha.
Juu, Graziella aliita mara mbili kwamba chakula kinapoa,
mara ya tatu hakuita.
Nilikuwa napasha waya.